Shanga Ulizompa Solange

Mama Jaya,

Shanga zako, zile za kuhesabia jina la Mungu, anazo Solange. Nakuandikia nikiwa na wivu, tena wivu wa kunikosesha hamu ya kula, na sitaki kujifanya.

Tangu majivu yako yaingie ziwani kule Rubona, mwanao Kiran analifungua duka la vitenge kama kawaida, na cherehani yangu ingali barazani. Lakini asubuhi, kabla watu hawajaanza kupita kwenda mpakani, Petite Barrière, sasa tunaketi wawili tu mbele ya taa yako, mimi na Solange. Mimi mwanakwaya wa kanisani nilianza sala yenu ya Kihindu kwa sababu ya hasira zangu, unakumbuka? Ulikuwa unaniambia, "Espérance, bon, usipigane na mawazo. Uache ipite, we ubakie tu pale." Nikabaki, miaka na miaka. Solange, muuza nyanya, kaja juzi tu! Na ndiye uliyemwita kitandani ukamkabidhi.

Kinachonichoma zaidi, anazitumia vibaya. Anazisukuma kwa kidole cha shahada. Mimi ulinifundisha: hicho ni kidole cha kunyooshea watu, cha majivuno, kikae mbali. Shanga zilale juu ya kidole cha kati, gumba lizivute. Yeye hukuwahi kumwonyesha, pumzi zilikuwa zimekuishia. Kila siku namwona anakosea, nanyamaza, na moyoni nafurahi. Halafu nafumba macho kama mtakatifu.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikamwuliza Kiran, kwa nini yeye na si mimi? Akajibu huku anapima kitambaa, "Mama alisema we hauna lazima nayo. Roho yako ilisha kutulia."

Imetulia! Yangu mimi? Mama, uliketi nami miaka yote ile, hukuona? Nililia mpaka nikaharibu pindo la gauni la mteja. Ilibidi nilifumue lote.

Siwezi kukuahidi kwamba wivu utaisha. Lakini kesho nitamshika Solange mkono, nimpange vidole kimoja kimoja, ingawa najua ataomba vizuri kuliko mimi na itaniuma.

Pumzika, mama yangu. Ulilosema juu yangu halikuwa kweli. Nitalifanya liwe kweli.

Espérance