Sahani ya Mama Ukutani

Kolombo,
14 Februari 2023

Dada yangu mpendwa Sepalika,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini huko Kuwait u mzima, na yule bibi mwenye nyumba amepunguza makelele. Sisi hatujambo, wanangu wanakwenda shule, na Mama yupo. Habari zake zinakuja.

Wiki iliyopita majengo yetu yalivamiwa na wasanii. Watu tisa wenye viatu vyeupe, wakiongozwa na binti aitwaye Dilrukshi, ambaye alitukusanya uani akatutangazia kwamba nchini kuna njaa. Tulishukuru sana kuarifiwa. Mradi wao, alisema, ni sanaa ya jamii ya kuwaamsha watu kuhusu haki ya chakula. Kila mwanamke apewe sahani ya bati, achore alichokula jana, kisha sahani zitundikwe ukutani wakubwa waje waone. Jirani yangu Fareena akamwuliza, "Na chakula chenyewe, mwanangu, kiko kwenye gari?" Akajibu kwamba chakula hakimo kwenye mradi. Rangi zilikuwa makopo arobaini.

Basi tukachora. Ulitaka tuchore nini mbele ya majirani? Mimi nilichora wali, jodari na mboga tatu. Fareena alichora biriani na kuku mzima juu yake, kichwa bado anacho. Saa moja haikupita, ua ukawa karamu ya harusi. Dilrukshi alipita amekunja uso, akatusihi tuwe wakweli, maana sahani zilizojaa hazigusi mioyo. Nilimnong'oneza Fareena kwamba binti huyu amekuja kununua huzuni, nasi tumemfungia duka.

Aliyemfungulia ni Mama. Alichora kikombe cha chai ya rangi, basi. Wanawake wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, nikasema kwa sauti, "Mama naye, uzee umemwingia! Jana si ulikula wali kwangu?" Mama aliendelea kusuuza brashi.

Siku ya ufunguzi waliitundika sahani ya Mama katikati kabisa. Mke wa mheshimiwa fulani alipigwa picha mbele yake, akajifuta jicho, kisha wakaenda kula keki hemani. Sisi tulipewa vyeti.

Sasa kaa chini, Dada. Kila barua nimekuandikia kwamba Mama anakula vizuri. Nilikudanganya. Tangu Oktoba amekuwa akirudisha wali wake kwenye sufuria ya wanangu kila nikigeuka, na mimi nilikuwa nageuka makusudi. Nilijua. Watoto walishiba, nikaona heri nisione. Wasanii wale nawadharau hadi leo, lakini wao hawakula wali wa Mama. Wali huo waliula wanangu, na mimi ndiye niliyewapa nafasi.

Siku hizi nakaa mbele yake hadi amalize. Ananiita polisi. Jana mwanangu wa mwisho alilia anataka kuongezwa, Mama akainuka na sahani yake. Nikamshika mkono, nikamketisha. Alikula huku machozi yanamtoka, na mtoto anamtazama.

Ukinikasirikia una haki. Ila mwandikie Mama mwenyewe. Nitamsomea neno kwa neno, hata yale ya kunitukana. Fareena na watoto wanakusalimu sana. Jitunze, na ule.

Mdogo wako,
Malkanthi