Pikapu Yako Imefika Songea

Baba,

Pikapu yako imefika Songea. Najua ungeuliza kwanza oili, halafu breki, halafu mimi, kwa mpangilio huo huo. Oili ipo. Breki zipo, ila zinataka kuambiwa mapema. Na mimi nipo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha pikapu, nje ya nyumba tuliyopewa kambini, kwa sababu huko ndani mkwe wako anafunga vitanda na anaziamrisha nati kama makuruti. Uhamisho wake ulitoka mara tu tulipoanua matanga yako. Jeshi halikai msibani. Lilimpa lori la kubeba vitanda na masufuria, na Kulwa na Doto wakapanda mbele na baba yao. Gari binafsi wakasema ni shauri la mwenyewe. Wakati wa kuagana akaniambia kwa ule ustaarabu wake wa Kitanga, "Mama Kulwa, liuze tu huko huko Bariadi. Gari lile ni la kumbukumbu, si la safari." Nikamjibu nitafikiria, akapanda lori akijua kabisa maana yake.

Tangu tukuzike pikapu ilikuwa Nkololo kwa baba mdogo Masanja, imeegeshwa zizini pamoja na ng'ombe, maana ndipo penye ulinzi. Nikaenda kuichukua. Nilidhani nitakunywa chai, nitapewa funguo, nitaondoka. Nikakuta viti vimepangwa. Kwetu ukikuta viti vimepangwa kabla hujafika, ujue umeshajadiliwa. Baba mdogo alikuwa katikati, wazee wawili pembeni. Wakanisalimia muda mrefu mpaka nikaanza kutumaini kwamba wamesahau kilichowakutanisha.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema baba mdogo, "hii gari ni ng'ombe wako, hakuna anayebisha."

Asingeweza kubisha. Wote walikuwepo mkwe wako aliponunua ng'ombe wa mahari mnadani asubuhi akakuletea mchana, ng'ombe wenyewe wakiwa hata hawajafahamiana, wanapigana mlangoni mwetu. Wote walikucheka ulipowauza ukanunua pikapu. Walisema Sayi amebadilisha binti na kitu kisichotoa maziwa. Halafu wote, mmoja mmoja, wakaja kuomba lifti.

"Lakini niachie," akaendelea. "Nikutunzie."

Nikamuuliza, "Baba mdogo, unataka kunitunzia, au unataka kubebea pamba?"

Mzee mmoja akachekea ndani ya kofia yake. Baba mdogo hakucheka. Akasema, "Haya, chukua. Ila ikikufia njiani usiwape watu wa chuma chakavu. Nipigie, nitaifuata. Na ikirudi hapa, imerudi." Wazee wakaitikia, ndivyo.

Kwa hiyo nilitoka Nkololo hukumu yangu ikiwa imeshasomwa. Ikifika ni yangu. Ikifa ni yake. Na wewe unajua sina kaka. Mama alikutangulia, nyumba yako tumeifunga, shamba analima baba mdogo. Kwetu kote kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole akasema hiki ni cha Mbuke, na kilikuwa kinavuja maji.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikulitegemea. Njia nzima ya kwenda Bariadi watu waliisalimia gari. Mtu anasikia mlio kabla hajageuka, mkono unapanda, "Sayi! Mwangaluka!" Halafu anageuka, anaona ni mimi, na mkono unashuka. Si kwa ubaya, Baba. Unashuka polepole, kama wa mtu aliyekumbuka kitu katikati ya sentensi. Mwanzoni nilikuwa naitikia. Tulipokaribia Maswa nikaanza kuwahi mimi kupunga, ili wasipate nafasi ya kukosea. Baada ya Shinyanga hakuna aliyeinua mkono tena. Nilidhani nitapumua.

Trafiki wa kwanza alinisimamisha mbele ya Nzega. Aliizunguka gari, akaangalia taa, akaangalia kioo cha upande wako ambacho hakipandi, akaangalia tairi. Nadhani alikosa pa kuanzia. "Mama, unakwenda wapi na hii?" Nikasema Songea. Akanirudishia leseni kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu rambirambi.

Mlima Sekenke ndio uliotaka kunimaliza. Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha kule shambani, mabua ya pamba yakishang'olewa, ukiwa umekaa pembeni unatafuna michembe, viazi vyako vikavu? Ulisema, "Usiitukane gari ikiwa inapanda." Sikuitukana. Niliibembeleza gia kwa gia, na bado ikachemsha, moshi ukaficha barabara. Nikashuka, nikakaa juu ya jiwe, nikatoa simu. Namba ya baba mdogo ilikuwa juu kabisa. Nilishaanza kuandaa maneno, yale ya mtu anayeshindwa kwa heshima.

Dereva wa lori akasimama. "Dada, hii umeifukua wapi?" Nilipofungua mdomo tu kumjibu akanirukia kwa Kisukuma, kumbe mtu wa kwetu, wa Ipililo. Akamwaga maji kwenye rejeta, akafunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu, akainama akasikiliza. "Injini ni nzima," akasema. "Kinacholia ni mpira tu." Nikarudisha simu kwenye mkoba. Akauliza kama niko peke yangu, na njia yote hiyo nani ananiongelesha. Nikasema, Baba. Akachungulia kiti cha pembeni, akakikuta kitupu, akafunga boneti taratibu. "Haya, safari njema nyote."

Ni kweli nilikuwa naongea na wewe. Nilikusimulia mazishi yako, nani alilia na nani alikuja kula. Nikakuambia Doto ameng'oka meno ya mbele. Nikaendelea hivyo hadi Mtera, pale darajani, maneno yakaisha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuishiwa maneno na marehemu. Nilidhani nyie mna muda. Kutoka pale hadi Iringa nilisikiliza mlango wako ukigonga, na ile njia ikawa ndefu, Baba. Ndefu sana.

Makambako ni baridi ya kukufanya utubu. Kioo chako nilikiziba kwa kanga, nikalala gesti ambayo mwenye nyumba alinipa blanketi na huruma. Asubuhi nikampa michembe. Aliigeuza geuza mkononi, akauliza inachemshwa kwa ajili ya ugonjwa gani.

Na hivyo tukafika. Askari wa getini aliuliza, "Mama, umebeba nini?" Nikasema sijabeba kitu, hii ni gari. Akasema, "Ahaa." Mkwe wako akatoka, akaizunguka bila kusema neno, kisha akasimama wima akaipigia saluti. Kambi nzima ilicheka. Nilicheka na mimi, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka Kulwa akaja kuuliza kama kuna kitunguu.

Hapa imeegeshwa katikati ya magari ya watu, yaliyooshwa. Wanauliza ni ya mwaka gani. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Nkololo ilikuwa ni wewe unapita. Hapa ni pikapu ya zamani, basi.

Nikampigia baba mdogo, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kuringa. "Imefika," nikasema.

Nikadhani mtandao umekata.

"Imelalaje?" akauliza.

"Imelala vizuri."

"Kwenye baridi hiyo, asubuhi imeamka?"

"Imeamka."

"Wabeja," akashukuru. Halafu akasema pale zizini zimebaki alama za matairi, na amewakataza vijana wasipafagie. Ndipo akasema, kwa sauti ile ya mtu anayejifanya anaongelea mvua, "Mimi nilitaka uiache ili uwe unakuja kuiona. Mwenye ng'ombe kwa mtu haombi ruhusa ya kuja."

Baba, nilikaa na hilo neno siku nzima. Nilimkumbuka mama alivyokuwa ananung'unika kwamba sisi tunakunywa chai ya rangi, na maziwa ya ng'ombe wetu wanakunywa watu wa Kasoli. Ulikuwa na ng'ombe Kasoli kwa rafiki yako, na wengine Ipililo kwa mtu ambaye hata ukoo hatukuwa naye. Wao wanakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe. Mimi nilidhani unawaficha wezi wasijue idadi. Kumbe kila ulikomweka ng'ombe ulijiwekea kigoda. Ulikuwa unaaga unakwenda kuangalia mifugo, unarudi umenenepa, una habari za watu wote, na mifugo yenyewe hatukuwahi kusikia ulichokiona.

Na mimi mwerevu nimemtoa ng'ombe wangu kwenye zizi moja tu lililobaki la kunifungulia. Nimevuka nchi kushinda mashindano ambayo mwenzangu hakuwa anashindana. Nani atanialika Nkololo sasa? Nitakwenda kusema nimekuja kufanya nini? Kutazama nyumba iliyofungwa?

Kwa hiyo nimeamua. Likizo ya mkwe wako ikiangukia kabla ya msimu wa pamba, tunairudisha. Nimemwambia. Aliweka spana chini. "Umevuka nchi nzima kuileta, uvuke tena kuirudisha?" Nikamwambia ndiyo, na safari hii Sekenke atasukuma yeye. Amekwenda kuchemsha chai, ambayo kwa mtu wa Tanga ni kukubali.

Sijidanganyi, Baba. Najua baba mdogo ataijaza pamba za watu mpaka springi zilale, na ataapa alikwenda mara moja tu, tena kwa mgonjwa. Acha. Hayo ndiyo maziwa yake. Nitafika bila taarifa, nitakuta tairi zimekwisha, nitapiga kelele, naye atapiga zake. Halafu mtu atanisogezea kiti, na mtu mwingine ataanza kumfukuza kuku.

Sasa nakuacha upumzike. Siahidi kwamba sitalia tena, hilo haliko mikononi mwangu. Ninachoahidi ni hiki: pamba ya kwanza ikianza kupimwa Kasoli, pikapu yako itakuwa imeshalala zizini kwa mdogo wako, kwa jina langu. Na kila mwaka nitapanda basi kutoka popote jeshi litakapotutupa, nije kuikagua. Nitakagua polepole sana.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Mbuke