Magauni Sita ya Binti Yangu

Dada yangu wa mbali,

Pokea salamu za watu watatu, maana binti yangu ana siku tisa sasa, na sauti anayo kweli kweli.

Usinicheke. Nilimshonea magauni sita kabla hajazaliwa, nikajiona nimejiandaa kuliko mtu yeyote. Kumbe vipimo nilivichukua kwa mwanasesere! Kichwa hakikupita hata kwenye gauni moja. Fundi anayenifundisha cherehani alivunjika mbavu kwa kicheko, akaniita Mama Kichwa. Nami nikacheka, halafu nikaenda kulia chooni. Nina miaka kumi na sita, Dada, na hata ukubwa wa kichwa cha mwanangu siujui.

Mama, kama ujuavyo, alikuwa hajanisemesha tangu tumbo lilipoonekana. Jana alinikuta nimemfunga mtoto kwenye shuka. Akaketi, akachukua wembe, akafumua shingo zote sita, kisha akazipanua kwa sindano ya mkono. Gauni la kwanza lilipopita, akamtazama mtoto, akaniambia, "Hata wewe nilikushonea gauni dogo."

Niishie hapa. Mama amembeba mtoto, ananiita toka sebuleni, na jina hilo sijui kalisikia wapi: "Mama Kichwa, njoo unyonyeshe!"

Mdogo wako.