Ubeti wa Pili

Ijumaa, 12 Februari 2016
Baada ya ibada kanisani Mesaimeer tulihamia kwa Cornelius, Al Wukair. Watu wamejaa mpaka ngazini! Wote wanataka wimbo mmoja — "Ulivuka Maji." Sisi walinzi na madereva wa huku ughaibuni, bendi ya kantri ya Ijumaa tu, leo tunachezwa redioni Eldoret! Na wimbo si wetu. Cornelius aliutoa kwenye sidii kuukuu ya Arnold fulani wa Kapsabet. Alipouimba Arnold mwenyewe, hakuna aliyegeuka. Sisi tukaongeza gitaa linalolia — khalas, basi, video ikasambaa kila mahali.

Ila Rael wangu. Tukifika ubeti wa pili, anatoka nje. Kila mara. Eti joto. Joto gani, na Februari huku ni baridi?

Jumatatu, 15 Februari
Nilimpigia Rael. Eti yuko kliniki, kazini, zamu. Nikampigia Cornelius kuhusu mazoezi — nikasikia sauti ya Rael nyuma yake! Eti ni TV.
Nawaangalia tu.

Alhamisi, 18 Februari
Cornelius anataka tuukate ubeti wa pili. Eti mrefu. Mistari minne? Ndio huo watu husimama kuupigia makofi: "Kovu juu ya jicho lako, hiyo ni sahihi yangu."
Nikakataa. Tom wa besi pia. Cornelius akaniangalia kama mtu mwenye neno.
Basi ni kweli. Kuna kitu kati yao.

Ijumaa, 19 Februari
Nimembana Rael kwenye maegesho ya Mesaimeer. Nilikuwa tayari kusikia jina la Cornelius. Akarudisha nywele nyuma, akanionyesha kovu lake juu ya jicho. Siku zote ameniambia alianguka na baiskeli.
"Sahihi yenyewe hii, Collins. Isome."
Arnold alikuwa mumewe. Alimpiga kwa chupa. Rael alipotoroka, Arnold badala ya kuomba msamaha akamtungia wimbo.
Jumatatu alikwenda kumsihi Cornelius autoe ubeti, akamwapisha asiniambie. Aliona aibu. Yeye! Na mimi ndiye niliyeuimba nimefumba macho, kama wimbo wa mapenzi.
"Na kwenye video ninaonekana," akasema. "Ataniona."
Cornelius ameifuta. Lakini iko kwenye simu za watu wote.

Jumatano, 24 Februari
Tom anacheka peke yake. Mwenye wimbo amemtafuta Facebook! Hana kinyongo, anashukuru tu. Ni dereva wa trela, yuko Dammam, hapo tu ng'ambo ya mpaka.
Nikasoma jumbe zake. Mpole. Mpole mno. Anamuuliza Tom: huwa mnakutana wapi? Nyumba gani? Akina dada pia huja?
"Usimjibu, Tom."
"Nilishamjibu jana, buda. Kwani iko nini?"

Ijumaa, 26 Februari
Naandika chumbani kwa Cornelius, watu wako sebuleni, gitaa mapajani. Arnold amekuja. Shati jeupe, kiti cha mbele. Tom, ambaye sasa anajua na hawezi kunitazama usoni, amekaa mlangoni.
Nilimsihi Rael asije. Nikamwambia twende kwa rafiki yake Edith, Lusail, nitakaa naye. Akakataa.
"Nimejificha miaka sita. Leo huo ubeti nauimba mimi."
"Na akiinuka?"
"Watu wote hawa watamwona akiinuka."
Amefunga nywele zote nyuma. Sijawahi kumwona hivyo. Nimechungulia: Arnold anatabasamu, anasalimia watu, mkono mmoja mfukoni tangu aingie. Una nini huo mkono? Cornelius amesogea karibu naye.
Watu wameanza kuuitisha wimbo. Rael amechukua maikrofoni, hajaningoja —