Bomba Lisilobanwa

Ijumaa, ofisini

Kaka Håvard,

Mama hajambo, na theluji huku imeanza kuyeyuka. Leo tumeletewa vafeli, vile vikate vyembamba vya mayai na maziwa, na jibini la kahawia kama kila Ijumaa, ila zangu bado ziko mezani.

Kazi yetu unaijua: bomba jembamba lisiloshika kutu tunalitia ndani ya bomba la chuma, kisha tunalitanua kwa shinikizo la maji mpaka libanwe humo. Kompyuta hukadiria mkazo unaobaki, yaani jinsi la nje linavyolibana la ndani. Nimegundua tumeipa shinikizo kamili, ilhali karakana ililipunguza kwa sababu pampu inavuja. Nikarudia hesabu. Mkazo ni mdogo mno. Bomba la ndani litakunjamana, kisha gesi itakula chuma cha nje mpaka kipasuke.

Gjermund, mkuu wangu, alicheka mbele ya wote. "Binti, tangu lini karani akawa mhandisi? Kula vafeli zako, utie sahihi cheti cha bomba. Meli inasubiri, na hutoki humu kabla hujasaini."

Meza yake iko mlangoni. Ananitazama.

Bomba hilo linakuja huko baharini, kwenye jukwaa lenu la kuchimba gesi. Lingekuwa linakwenda kwa wengine, naogopa ningekwisha kusaini.

Sahihi yangu ya leo ni hii tu:

Eirin