Minyoo wa Bloku ya Saba

Jumatatu, 1 Julai 1974

Ukungu tena. Asubuhi nilidhani msitu unaungua, nikatoka mbio na kikombe cha chai mkononi — kumbe ni ukungu tu, mweupe, umelala juu ya misonobari. Theuri, anayetuletea sampuli, alinicheka mpaka akakaa chini. Ati mtu wa mjini, wa Majengo, akiona ukungu anaita zimamoto!

Leo nimewaona. Minyoo! Vipande vya misonobari inayokufa kule Bloku ya Saba nilivifunga kwa kitambaa, nikaviloweka kwenye faneli ya maji tangu Jumamosi. Wao hutoka wenyewe, wakazama, wakangoja chini. Tone moja kwenye kioo, nikainamia hadubini. Wembamba kuliko uzi. Wanajikunja, wanajinyoosha, polepole, kama walio usingizini. Nilisahau kula. Mungu anisamehe, niliwapenda.

Jumanne, 2 Julai

Bwana Mutahi, mkubwa wetu hapa kituo cha utafiti wa misitu, amesoma kwenye jarida kwamba huko Japani kuna mnyoo anayeua misonobari. Nilimpa hesabu yangu: sampuli kumi na mbili, zote zina minyoo. Akavua miwani. Bloku ya Saba yote ikatwe, ichomwe, alisema, kabla hawajasambaa. Miti ya miaka miwili, na viazi vya watu katikati yake!

Ameacha amri, amepanda lori kwenda Nyeri na ripoti. Chini yake jina langu limepigwa chapa: R. Athman. Nilifurahi. Hapa sidanganyi mtu — nilifurahi.

Jumatano, 3 Julai

Kagure alikuja. Ana kipande Bloku ya Saba: Serikali inamwacha alime viazi, naye anailinda miti. Mti ukifa, anaulizwa yeye. Alitaka kujua nimepata minyoo kwenye mti wake upi. Nikamsomea: namba thelathini na moja.

— Hiyo? Hiyo haina kidonda hata moja! Mimi nilikataza Theuri asikate mti yangu. Forest guard akiona kidonda, shamba yangu imeenda. Nilimwambia achukue kwa ile iko kwa rundo.

Rundo! Mti ukifa wakulima wanaung'oa upesi, kabla ya siku ya kuhesabu miti, wanautupa ukingoni. Umelala kwenye udongo tangu mvua za Aprili. Na udongo wa majimaji una minyoo wake, wanaokula uozo tu, wasioua chochote. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza. Ya kwanza!

Theuri hakukana. Wote walimwomba hivyo, akasema, na ni majirani zake, angefanyaje? Namba alizitoa kwenye miti iliyosimama. Nilimfokea. Lakini mimi mwenyewe sikufika kule hata siku moja. Nilikuwa hapa, naota juu ya kioo.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda mwenyewe. Nimekata vipande kwenye miti inayougua, iliyosimama, kumi na miwili. Kagure aliushika wake kwa mikono miwili, akafumba macho, akaniambia nikate haraka. Mikono bado inanata utomvu. Nimeinusa siku nzima. Tamu, kali kidogo. Faneli zote zimejaa.

Madumu ya dizeli yameshushwa karibu na geti. Ngatia, forest guard, askari wa msitu, anasema kazi ni kesho.

— Madam, order ni order. Niretee karatasi ya mkubwa.

Mkubwa yuko Nyeri. Kituoni hakuna simu. Nami bado sina cha kumwambia mpaka faneli zikae usiku mmoja. Kagure ameanza kung'oa viazi. Bado vidogo, kama gololi.

Ijumaa, 5 Julai

Tone la kwanza — maji. La pili — maji. Nikabadilisha kioo, nikafuta lenzi, nikarudia. Maji, maji, maji. Kumi na mawili! Sijawahi kuona kitu kizuri kama pale pasipo na kitu. Nililia juu ya hadubini, mjinga mimi.

Kinachoiua miti sikijui. Lakini si hao.

Ngatia sikumkuta, alishapanda kwenda kwenye bloku na watu wake. Nikamtuma Theuri amkimbilie awazuie. Mimi nikashuka mbio hadi hapa posta, Naro Moru. Viatu vimejaa matope.

Naandika kwenye kaunta. Operata anatafuta laini ya Nyeri. Laini iko busy, anasema, subiri kidogo. Nasubiri. Najipanga: Bwana Mutahi, mimi Rukaya, ripoti ni mbaya, kosa ni langu. Hapana — kwanza aseme wasimamishe, kosa baadaye. Jina langu liko pale. Litoke pale kama lilivyoingia.

Kupitia mlangoni naviona vilima vya chini, upande wetu. Kitu cheupe kinapanda polepole juu ya misonobari. Ukungu, nimejiambia. Theuri angenicheka tena.

Mama wa stempu ameinuka kufunga dirisha. Ati harufu ya utomvu inayoingia inamwumiza kichwa.

Ukungu haunuki.

Operata ananipungia mkono — Nyeri imepatikana