Ukuta Ulioujenga Nyuma ya Nyumba ya Mama

Kaka yangu,

Nilianza na neno mpendwa, nikalifuta. Litarudi likitaka. Kwa sasa nina hasira, na mama alitufundisha kwamba mwenye hasira aseme na mwenye kosa, asigombane na vyombo. Simu zangu hupokei tangu juzi, kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele za watu. Hata ulilolitenda hukulitendea chumbani.

Maji yameingia tena mtaani kwetu. Unapajua, hapa Kariakoo inapoteremkia bonde la Jangwani: mvua inyeshe kokote mjini, mwisho wake ni kwetu. Hilo tumelizoea. Safari hii yameingia hata kwenye nyumba ambazo hayakuwahi kuingia, tena kwa fujo, asubuhi, watu wakiwa kwenye chai.

Unakumbuka ilivyokuwa enzi za mama? Maji yakianza kupanda ulinibeba mgongoni, ukanipandisha juu ya meza, ukanipa birika nilishike ili nisilie. Yakishuka, mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua beleshi, akatoka. Tope la kwake hakuligusa. Hakuna aliyeanza na kwake mtaa mzima. Wewe ulinung'unika, "Mama, na kwetu je?" Akakujibu, "Kwetu watakuja wenzetu. Mwenye nyumba akishika beleshi atalilia kila kijiko, kazi haitakwisha." Basi tukaenda kwa Bi Zuhura wa mlango wa pili, na wa kwa Bi Zuhura wakaenda kwa mwingine. Tuliporudi tulikuta kwetu kumeshadekiwa, godoro limeegemezwa ukutani linachuruzika, na mtu amebandika chai ya tangawizi.

Na siku ile ulipokuta wigi la Bi Zuhura chini ya kitanda chake, ukatoka nalo umelivaa? Mtaa ulicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Mama hakucheka. Alikuvuta sikio mpaka nyumbani. "Ulichokiona ndani kwa mwenzio kimekwenda na maji," alikuambia. Hiyo ikawa sheria ya pili: ukisafisha nyumba ya mtu, usitoke na habari zake. Nilikupenda sana siku zile, kaka. Nalisema hili ili ujue kwa nini nimekasirika hivi.

Mama alipofariki, nyumba ikabaki yetu sote wawili. Wewe ukahamia Goba, kwenye vilima, mimi nikabaki. Kisha duka lako la vitenge likakua, ukataka stoo. Ukamwita jirani yetu fundi Chande, akakujengea ukuta kukatiza uwanja wa nyuma, na zege mkamwaga juu ya mfereji ambao mama aliuzibua kwa mikono yake kila mwaka kabla ya masika. Nilikuambia mfereji ule ndio unaopitisha maji ya mtaa mzima. Ukasema nisikuletee mambo ya kizamani. "Maji yatajitafutia njia," ulisema, ukaingia kwenye gari lako.

Yamejitafutia, kaka. Yalipiga ukuta wako, yakarudi, yakapita chumbani kwa Bi Zuhura. Mama wa watu, magoti yenyewe hayakunjiki, tulimkuta amesimama juu ya kitanda, kakumbatia msahafu, miguu yake imo majini pale pale kitandani. Unga wa vitumbua anaoutegemea kupata riziki ulikuwa umegeuka uji.

Nikiwa nimemshika mkono namtoa, simu yako ikaingia. Nikakuamkia. "Shikamoo, kaka." Maji yako kiunoni, nakuamkia, maana ndivyo tulivyolelewa. Hukuitika. Uliuliza, "Vipi, mzigo umelowa?"

Haukulowa. Jipongeze. Marobota yako uliyapanga juu ya mbao, karibu na dari, na yako makavu kama yalivyotoka dukani.

Maji yaliposhuka tukaanza kazi kama ada. Nilikwenda kwa Bi Zuhura na kina mama wenzangu, tukazoa tope, tukasugua kuta, tukatoa godoro ambalo halitalalika tena. Yeye kakaa nje kwenye kiti cha plastiki, anatuombea dua. Kila aliponiambia "Mungu akubariki, mwanangu," nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu yako wewe. Jioni nikarudi nyumbani nikiwa na hofu moja tu, kwamba kwetu hawatakuja. Nani atadeki nyumba iliyomletea mafuriko?

Walikuja wote. Wakadeki vyumba, wakafika uwanjani, wakaukuta ukuta wako na maji yamesimama nyuma yake, yananuka. Kila mmoja aliuangalia. Kila mmoja akainama, akaendelea kufagia. Hata Bi Zuhura alijikongoja na ufagio wake wa chelewa, akasimama pale, akauona, akanigeukia. "Mihogo imeiva, mwanangu. Njoo ule."

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Niliwaelewa. Walikuwa wanashika sheria ya mama: wamekiona kwetu, wanakiacha kiende na maji. Mama aliiweka sheria ile kufunika wigi, kaka. Hakuiweka ikufunike wewe.

Nikasema kwa sauti, mpaka walioko barabarani wakasikia. "Huu ukuta ni wa kaka yangu! Ndio uliowatia maji ndani! Mbona hamsemi?"

"Mwanangu, hatukuja kwa hilo," Bi Zuhura akasema.

"Najua. Nyumba ni yetu, aibu ni yetu. Naitoa mimi."

Kisha fundi Chande akaweka ndoo chini, akaenda kwake, akarudi na nyundo kubwa. Hakuniangalia usoni. "Nimeujenga mimi," alisema. "Najua pa kuanzia."

Basi ndiyo hivyo. Ukuta wako haupo, na zege tumelipasua. Mfereji uko wazi, ninapoandika hapa nasikia maji yakipita. Matofali yaliyosalimika yako nje. Vitenge vyako tumevipandisha kwenye kitanda cha mama, na havina hata doa. Ukitaka kunishitaki kwa wajomba, nenda, nitawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Ila usiniambie damu ni nzito kuliko maji. Maji nimeyapima kwa kiuno changu, nawe hukuwepo. Wingu limefunga tena upande wa bahari, na masika bado haijatuaga.

Njoo. Mzigo wako utaukuta, lakini usianze nao. Kwa Bi Zuhura kuna chumba kimoja hatujakimaliza, na beleshi la mama nimeliegemeza mlangoni kwake. Nitakuwa humo ndani. Nitakuamkia, kaka, kama siku zote.

Safari hii, itika kwanza.

Mimi mdogo wako,
yule uliyempa birika alishike asilie.